Vitamini ya Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alipenda kuitwa daktari. Alipenda hata watoto wake wa kuwazaa wamwite hivyo. "Daktari, chai iko tayari," wangemwambia, naye angeitikia bila haya yoyote.

Hakuwa daktari. Ujana wake aliupitisha akimbebea begi daktari wa mifugo wa kweli, mzee aliyekuwa akizunguka vijiji vya kwetu Isukha kwa pikipiki kuukuu. Mzee yule alipostaafu, shemeji alibaki na begi. Hicho ndicho kilichokuwa cheti chake. Lilikuwa begi la ngozi lililochanika pembeni, na ndani yake mlikuwa na sindano, kamba, chupa za kila aina, na kitana. Kitana kilikuwa cha nywele zake mwenyewe.

Mimi nilisomea kilimo katika chuo cha Bukura na sasa ninafundisha somo hilo katika shule moja ya upili hapa mjini. Si daktari wa mifugo, na sijawahi kujifanya hivyo. Lakini nilichofundishwa kuhusu ng'ombe kilitosha kunijulisha ni mambo mangapi nisiyoyajua, na hilo ni fundisho ambalo shemeji hakulipata kwa mtu yeyote. Kwake magonjwa yote yalikuwa ugonjwa mmoja. Ng'ombe akikohoa, upungufu wa vitamini. Ng'ombe akikataa kusimama, upungufu wa vitamini. Jirani yetu mmoja alipoteza ng'ombe wa maziwa kwa ndigana, mnyama aliyekuwa na homa na matezi yaliyovimba wazi mbele ya macho ya kila mtu, na shemeji akamdunga vitamini asubuhi na jioni mpaka akafa. Kisha akasimama kando ya mzoga, akavua glavu taratibu kama mtu aliyetoka kupasua moyo, akasema, "Mliniita mkiwa mmechelewa."

Watu walimwamini. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi kuliko yeye mwenyewe. Mtu akivaa koti jeupe lililopigwa pasi, akaweka kalamu kifuani, akasema neno moja la Kiingereza na mawili ya kubuni, basi kijiji kizima kinamletea viti.

Baba yangu alimwamini kwa sababu nyingine. Kwetu, mkwe si mtu wa kubishana naye. Baba mkwe na mume wa binti yake wanaheshimiana kwa umbali: hawakai karibu, hawatazamani sana usoni, na likiwapo neno zito linapitia kwa mtu wa tatu. Baba aliishika desturi hiyo kwa mikono miwili. Shemeji naye aliijua vizuri, na aliitumia kama mtu anavyotumia mwavuli wa kuazima, bila kujali unaharibika.

Baba alikuwa na fahali. Wasiojua kwetu watauliza, fahali tu? Ndiyo, fahali. Baada ya kuendesha matrekta ya miwa miaka mingi upande wa Ekero, alirudi nyumbani na mgongo mbovu na mapenzi yaliyobakia, na kwa kuwa Mama alikuwa amekwisha kufariki, mapenzi yote yakamwendea yule mnyama. Alikuwa mweusi, na paji jeupe, na shingo nene kama gunia la mahindi. Baba alimkatia majani ya nepia mwenyewe. Alimwosha. Alimsimulia habari za siku. Nilipokuja wikendi kutoka Amalemba, mtaa ninaokaa mjini, aliniuliza hali yangu kwa sentensi moja, kisha akanieleza hali ya fahali mpaka chai ikapoa.

Fahali huyo alikuwa wa kupigana. Asubuhi za Jumamosi, msimu ukifika, mafahali wa vijiji wanapelekwa uwanjani na umati unaoimba na kupiga ngoma za isukuti, wanakutanishwa pembe kwa pembe, na anayegeuza mgongo ndiye aliyeshindwa. Mimi si mpenzi wa mchezo huo na sitajifanya kuwa mpenzi. Lakini naujua, na najua kwamba una adabu yake. Unaweza kumlisha fahali wako utakavyo, unaweza kumwimbia usiku na mchana, ila humgusi fahali wa mwenzako.

Mwaka wa mkasa huu, Baba alikubaliana na mwanasiasa mmoja wa kata yetu kwamba mafahali wao wakutane. Tulimwita Mheshimiwa, kama wanavyoitwa wote, wastahili na wasiostahili. Fahali wa Mheshimiwa alikuwa hajawahi kushindwa, na mwenyewe alikuwa hajawahi kuvumilia kushindwa, si kwa ng'ombe wala kwa kura. Alikuwa pia anatafuta mtu wa kusimamia mradi wa ng'ombe wa maziwa katani. Shemeji aliitaka kazi hiyo. Alianza kuvaa tai.

Asubuhi ya pambano nilifika mapema. Boma lilikuwa limejaa vijana wenye majani kichwani, filimbi zinalia, isukuti zinapashwa moto. Dada yangu na mumewe walikuwa wamelala pale kwetu tangu jana. Shemeji alitoka nyumbani akiwa na koti jeupe na miwani ya jua, na jua lilikuwa bado halijachomoza vizuri.

"Shemeji," alinisalimia, "leo mzee atafurahi."

"Tutaona," nilisema.

Alimwendea Baba, akasimama umbali wa heshima, akaongea akitazama pembeni. "Mzee, ningependa kumpa vitamini kidogo. Ya nguvu. Wanariadha wakubwa wanapewanga."

Baba naye alitazama pembeni. "Daktari ndiye anayejua," alisema.

Vijana wanne walimshika fahali. Shemeji alivuta dawa kwenye sindano, akaigonga kwa ukucha ili kila mtu amwone akiigonga, akamdunga shingoni. Fahali alirusha kichwa mara moja, akatulia. Shemeji alirudisha vitu vyake begini, akampa dada yangu begi alibebe. Yeye hakuwahi kubeba begi lake mbele za watu. Aliyekuwa mbeba begi alikuwa sasa na mbeba begi wake.

Tukaondoka kwa nyimbo. Barabara ya kwenda uwanjani inapita kati ya mashamba ya miwa na chai, kisha inateremka mbele ya nyumba ya jirani yetu, mjane mmoja mzee anayeishi peke yake. Alikuwa amesimama langoni kwake, mikono nyuma, anatutazama. Hakuimba wala hakupiga kigelegele. Hakupenda kelele, na hakuna aliyewahi kumwona akipenda. Alikuwa na ulimi mkali pia, kwa hiyo wengi walimwogopa, na wengi wanaomwogopa mtu huishia kumtafutia kosa.

Kabla hatujamfikia, niliona mkia wa fahali umelegea. Mkia wa fahali anayekwenda kupigana huwa hautulii. Huu ulining'inia kama kamba ya kisima. Kisha mate. Yalianza kutoka mdomoni kwa nyuzi ndefu, yakidondoka vumbini. Kichwa kikashuka. Vijana waliokuwa wakimwimbia walidhani anatafuta harufu ya adui, wakaongeza isukuti. Alipiga hatua chache za mlevi, miguu ya nyuma ikapishana, kope zikamfunika macho nusu, akapiga magoti mbele ya ua wa yule mjane, akalala.

Nyimbo zilikatika moja moja, kama watu wanaotoka mvuani.

Baba alikuwa ameshika kamba. Alichuchumaa, akamwita fahali kwa jina lake. Fahali alisogeza sikio, basi.

Nilikuwa nimeyaona mambo hayo zamani Bukura. Tulikuwa na dume mkorofi aliyehitaji kukatwa kwato, na daktari alimdunga dawa ya kumlaza, dawa inayoleta usingizi na kulegeza misuli mpaka mnyama mkubwa kama nyumba anakuwa laini kama unga uliokandwa. Mate yale yale, kichwa kile kile. Tena nakumbuka daktari alivyotuonya kwamba hatari haiko katika usingizi, iko katika namna anavyolala. Ng'ombe akilala ubavu, tumbo linajaa gesi, au anavuta mate yake mwenyewe mapafuni, na anakufa kimya mbele yako.

"Msimwache alale ubavu!" nilipiga kelele. "Mwinueni akae kwa kifua! Leteni magunia!"

"Ana nini?" Baba aliuliza.

"Amedungwa dawa ya usingizi, Baba."

Nilisema kwa sauti. Watu walisikia. Lakini sikuwa na koti jeupe, na jibu langu lilikuwa fupi mno, halikuwa na shetani ndani yake. Kijana mmoja alinyoosha kidole kwenye lango la mjane, akasema alichotaka kila mtu kukisikia.

"Huyu mama amemwangalia! Mimi nimemwona! Amemwangalia tu, ng'ombe ikaanguka!"

"Amekuwanga hivyo siku zote," mwingine alidakia.

Mjane alisema, "Nyinyi ni wapumbavu," akaingia ndani na kufunga mlango. Lilikuwa jibu sahihi, lakini halikumsaidia.

Watu wote wakamgeukia daktari wao. Namkumbuka sana shemeji katika dakika ile, kwa sababu angeweza kuimaliza. Alijua. Yeye peke yake pale barabarani alijua kilichokuwa ndani ya damu ya mnyama yule. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena.

"Mimi ni mtu wa sayansi," alisema. "Lakini sayansi ina mipaka yake. Sisemi kitu zaidi."

Sisemi kitu zaidi! Nimewahi kuwasikia waongo wengi, wengine wana vipaji, na uongo wao unaweza kuustaajabia kama unavyostaajabia mwizi anayepita dirishani bila kuvunja kioo. Huyu hakuwa hata na ushujaa wa kudanganya kikamilifu. Alifungua mlango, akawaachia wengine waingie na mawe.

Wakaingia. Vijana walivunja ua, wakang'oa migomba iliyokuwa na mikungu, wakaanza kurusha madongo ya udongo kwenye mabati ya nyumba. Mchungaji mmoja aliyekuja kuombea mchezo, kana kwamba Mungu ana fahali anayempenda, alinyanyua mikono na kukemea pepo, akiwa amesimama mbali, pasipofikiwa na madongo. Hakumkemea hata kijana mmoja.

Sikuweza kwenda. Mimi, Baba na wazee wawili tulikuwa tumemwegemeza fahali kwa magunia ya nyasi, nami nilikuwa nimekishika kichwa chake mapajani, mdomo nikiuelekeza chini ili mate yatoke nje. Kilikuwa kizito kama jiwe la kusagia, na ulimi ulikuwa unaning'inia. Kwa mkono mmoja nilimpigia daktari wa mifugo wa kweli aliyeko mjini, nikamweleza ninachoona. "Umefanya vizuri," alisema. "Usimwachilie. Nakuja."

Nilipoinua macho, nilimwona dada yangu anatembea kati ya migomba iliyoangushwa. Dada yangu ni mtu mpole. Wakati mwingine upole wake ulinichosha. Katika ndoa yake yote sikuwahi kumsikia akimalizia sentensi iliyoanzwa na mumewe. Alienda mpaka kwenye mlango wa mjane, akageuka, akasimama na mgongo mlangoni. Donge la udongo lilimpiga begani. Lingine lilipasuka kwenye ukuta karibu na sikio lake. Kisha vijana wakamtambua, mikono yao ikashuka.

"Mama wawili, toka hapo," shemeji alimwita kutoka barabarani. Ndivyo alivyomwita, kwa sababu uzazi wao wa kwanza ulikuwa wa mapacha. "Toka, utaumizwa."

Dada alifungua begi alilokuwa amebeba. Aliingiza mkono, akatoa chupa moja, akaitazama, akairudisha, akatoa nyingine. Akaiinua juu.

"Vitamini ni nyekundu," alisema.

Hakupaza sauti, lakini tulimsikia mpaka barabarani.

"Vitamini unayowadunganga ng'ombe ni nyekundu. Nimeosha makoti yako yenye madoa yake miaka yote hii, madoa hayatoki. Asubuhi ya leo uliyovuta ilikuwa nyeupe kama maji. Nilikuona. Nikajiambia labda ni mpya."

"Mama wawili, rudisha hiyo. Hiyo ni ya kazi nyingine."

"Kazi gani?"

Shemeji aliirekebisha tai yake.

"Dada yangu amesoma," dada alisema, akininyooshea kidole. "Mpelekeeni asome."

Chupa ilipita mkono kwa mkono mpaka ikanifikia, nami nikaisoma huku kichwa cha fahali kikiwa mapajani mwangu. Jina lake lilikuwa xylazine, neno ambalo wauzaji wengi hulitamka wanavyojisikia. Nikasoma kwa sauti: dawa ya kutuliza, ya kulegeza misuli. Chini yake kulikuwa na maelezo ya dozi, mstari wa farasi na mstari wa ng'ombe. Ng'ombe huhitaji sehemu ndogo sana ya ile anayopewa farasi, ni mnyama anayelevywa haraka na dawa hii kuliko karibu wote. Nikaangalia chupa ilivyopungua, nikaelewa. Shemeji hakutaka fahali alale. Alitaka alegee tu, afike uwanjani mzito, asukumwe kidogo, ageuze mgongo, na Mheshimiwa acheke. Ila alisoma mstari wa farasi. Isukha nzima haina farasi. Mtu yule hakuweza hata kudanganya kwa kipimo.

"Ulimpa dozi ya farasi," nilimwambia.

Naapa kwamba kilichopita usoni mwake kwanza hakikuwa aibu. Kilikuwa kile kinachompata mwanafunzi mvivu ukimwonyesha jibu sahihi baada ya mtihani.

Umati wa watu ni mnyama wa ajabu. Mikono ile ile iliyokuwa imeshika udongo kwa ajili ya mjane haikuutupa chini. Ilimgeukia shemeji tu. Mchungaji alihama kutoka pepo hadi Yuda bila hata kuvuta pumzi. Kijana aliyesema amemwona mjane akimwangalia fahali, sasa alisema tangu asubuhi alimshuku daktari. Wakaanza kumkaribia. Shemeji alirudi nyuma mpaka kwenye miwa, miwani imemwangukia puani.

Baba alisimama. Mgongo wake ulimtesa, kwa hiyo alisimama kwa hatua, mkono kwenye goti, kisha kwenye bega la mzee mwenzake.

"Huyo ni mkwe wangu," alisema. "Hakuna mtu atakayemgusa kwenye barabara ya kwetu." Kisha akanigeukia mimi, ingawa shemeji alikuwa pale pale na masikio yake mawili. "Mwambie mgeni arudi nyumbani apumzike. Mchana atakula, ndipo aende."

Nikamwambia. "Shemeji, Baba anasema urudi nyumbani upumzike. Mchana utakula, ndipo uende."

Akaenda, vijana wakimpisha njia. Hakusema pole kwa mtu wala kwa mnyama.

Daktari wa kweli alifika kwa pikipiki akiwa na fulana ya timu ya mpira na viatu vya kawaida. Alimpima fahali moyo na pumzi, akampapasa tumbo upande wa kushoto, akasema gesi ni kidogo, tumwache kivulini, tumwagie maji na tusichoke kumshikilia. Tukakaa. Watu waliondoka taratibu, hasa wale waliong'oa migomba. Jua lilipokuwa juu kabisa, fahali alimeza mate yake, akavuta ulimi ndani, akanitazama kama anayejaribu kukumbuka tumeonana wapi. Baada ya muda mrefu alijaribu kusimama, akaanguka, akajaribu tena. Aliposimama, Baba aliegemea ubavu wake, uso kwenye manyoya, na sisi tukatazama mashamba.

Nyumbani nilipika. Dada alitaka kupika, nikamwambia akae. Kwetu mkwe akija anachinjiwa ingokho, yaani kuku, na firigisi, imondo kama tunavyoiita, ni ya kwake. Mtoto mdogo wa kwetu analijua hilo kabla hajajua kuhesabu. Ukimwandalia mkwe kuku bila imondo, humtukani tu. Umemwambia kwamba unajua alivyo.

Baba aliingia jikoni, jambo asilolifanya. Alinyoosha kisahani. "Nipe imondo," alisema.

Nikampa.

Shemeji alikuwa amekaa sebuleni peke yake, bila koti, tai ameilegeza. Hakuna aliyekaa naye, wala hakuna aliyekataa kumhudumia. Nilimnawisha mikono. Niliweka obusuma, ugali wa kwetu, nikaweka kuku. Alianza kula haraka, kisha mkono wake ukapunguza mwendo. Alizungusha vipande kwenye bakuli. Akaangalia chini ya paja. Akaangalia chini ya shingo. Mtu aliyekuwa karibu kumuua mnyama na kumpigisha mjane madongo, sasa alikuwa anatafuta firigisi.

"Shemeji," aliniita kwa sauti ya chini, "kuku wa siku hizi wanakosanga imondo?"

Mlango wa barazani ulikuwa wazi. Baba alikuwa amekaa nje, ametugeuzia mgongo, na kisahani mkononi. Alikuwa anatafuna polepole. Meno yake hayakuwa mazuri, firigisi ni ngumu, na hakuwa na haraka.

"Mwambie mgeni," Baba alisema bila kugeuka, "imondo iko."

"Shemeji," nilisema, "Baba anasema imondo iko."

Alisikiliza utafunaji ule mpaka mwisho wake. Kisha akaanza kujieleza, kwangu, ili ipite mlangoni. Kwamba alimwonea mzee huruma. Kwamba fahali wa Mheshimiwa angemuua wetu. Kwamba alitaka amani. Kwamba hata hivyo ilikuwa mambo ya ng'ombe tu, na familia ni kubwa kuliko ng'ombe.

"Na yule mama wa migomba?" nilimuuliza.

"Yupi?" alisema.

Si kwamba alijifanya. Alikuwa amemsahau. Ndipo dharau yangu kwake, ambayo mpaka hapo ilikuwa na kicheko ndani yake, ikakauka. Nikaondoa sahani.

Aliondoka mchana huo bila dada. Dada alikaa kwetu mpaka muhula wa shule ukaisha, kisha akarudi kwake kwa ajili ya watoto, akiwa na sharti moja ambalo amelishikilia mpaka leo: habebi begi. Wengine wananiambia ni kidogo. Wanaosema hivyo hawakumjua kabla.

Mheshimiwa alitangaza hadharani kwamba yeye hamjui mtu huyo na hajawahi kumtuma, na inawezekana kabisa ni kweli; watu wa aina ya shemeji hawahitaji kutumwa. Kazi ya mradi ilipewa mwingine. Shemeji alihamia na familia yake upande wa Lugari, ambako hawakuwa wamesikia, na ninaambiwa huko nako anaitwa daktari. Sishangai. Pia kule kuna viti.

Jumapili iliyofuata Baba alivaa koti lake la kanisani, akaenda kwa mjane. Nilimsindikiza. Alimwomba msamaha kwa niaba ya boma letu, akamwambia atamjengea ua na kumpandia migomba mingine. Mjane alitusikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakutukaribisha ndani.

"Ua jenga," alisema. "Migomba panda. Lakini usiniambie ni mkwe wako. Wale vijana niliwajua majina wote. Wengine niliwatibu tumbo wakiwa wadogo. Mkwe wako hakurusha hata donge moja."

Baba aliitikia kwa kichwa, akaanza kuhesabu nguzo zilizovunjika. Alijenga ua kwa mikono yake, na mgongo ule. Vijana walipita barabarani wakimsalimia kwa furaha, "Mulembe, mzee," kana kwamba wanamwona mtu anayerekebisha kilichoharibiwa na upepo. Hakuna aliyeshika hata msumari. Mchungaji alipita pia, akasema ni ushuhuda mzuri. Migomba imekwisha kuzaa, na mjane huiuza sokoni, na ukitoka bomani kwetu ukitaka kununua anakuuzia kwa bei ya wageni. Mimi hulipa, wala sijawahi kumwomba apunguze.

Fahali alipigana msimu uliofuata, na mnyama wa mkulima mmoja wa kawaida. Nilikuwepo. Alisukuma vizuri mwanzoni, pembe zikagongana mpaka tukasikia kifuani, kisha katikati ya mambo akabadili mawazo, akageuka, akakimbia kupitia kati ya watazamaji, akaingia kwenye miwa ya watu na umati ukimfuata nyuma kwa vicheko. Alishindwa vibaya, akiwa na akili zake zote.

Baba alicheka mpaka akakaa chini. Tulipomkuta fahali, alikuwa katikati ya shamba la mtu anakula majani ya miwa, ametulia, na Baba akamfunga kamba huku machozi ya kicheko yakimtoka. Njia nzima ya kurudi alikuwa anamsimulia yule mnyama jinsi alivyokimbia, kana kwamba fahali mwenyewe hakuwepo.